Labo za Kisangani Nazo Zipimwe

Ni maabara chache duniani zilizowahi kubebeshwa shitaka zito kama lililoiangukia ile ya Kisangani. Mwaka 1999 mwandishi wa habari Mwingereza, Edward Hooper, alichapisha The River, kitabu cha kurasa zaidi ya elfu moja, akidai kwamba Sida ilianzia mikononi mwa madaktari. Kwa maelezo yake, chanjo ya polio ya matone iliyoitwa CHAT, waliyopewa watu karibu milioni moja wa Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi kati ya 1957 na 1960, ilikuzwa kwenye chembe za figo za sokwe, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika katika maabara ya tiba ya Stanleyville, jina la mji huu enzi hizo. Sokwe wenyewe walifugwa kambini Lindi, si mbali na mji.

Ubishi ulikuwa mkali, na kilichoumaliza ni sampuli. Januari 2000 mwanabiolojia W. D. Hamilton aliingia misitu ya karibu na Kisangani pamoja na Michael Worobey, wakati huo kijana, kutafuta mkojo na kinyesi cha sokwe. Hamilton alirudi akiugua malaria, akafia London mwezi Machi. Worobey aliendelea. Mwaka 2004, katika jarida la Nature, yeye na wenzake walionyesha kwamba virusi vya sokwe wa eneo hili ni tawi jingine, mbali na VVU vilivyoenea duniani. Mabaki ya chanjo yaliyotunzwa Marekani yalikuwa yameshapimwa, hayakukutwa na chembe ya sokwe. Damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959 na kipande cha tezi cha mwaka 1960 vilitoa ushahidi kwamba virusi vilikuwa vikitembea kati ya watu miongo mingi kabla ya tone la kwanza la chanjo.

Kuna mfano mwingine wa jirani. Mwaka 1976, Ebola ilipozuka Yambuku, upande wa Bumba, wachunguzi walikusanya damu vijijini na kuitunza kwenye baridi kali. Zaidi ya miaka kumi baadaye sampuli 659 za siku zile zilipimwa VVU, na tano zikakutwa navyo. Kwa sababu mtu fulani aliandika lebo vizuri na mwingine akalinda jokofu, dunia ilijua kwamba virusi vilikuwako kijijini huko kabla ugonjwa haujapewa jina.

Sasa swali la leo, lisilo na umaarufu wowote. Mama mjamzito aliyepimwa Jumanne iliyopita Mangobo au Lubunga akija kudai uthibitisho wa jibu alilopewa, labo iliyompima ina kitu cha kumwonyesha? Rejesta yenye namba ya kundi la vipimo na tarehe ya kuisha muda? Rekodi ya joto la chumba? Jina la aliyesoma mstari, na la aliyerudia kusoma? Jimbo la Tshopo limezoea kuhesabu mashine zilizoletwa na wafadhili, na kila mashine ina picha ya makabidhiano na hotuba yake. Ushahidi wa kwamba majibu yanayotoka ni sahihi hauna anayeukatia utepe, na ndio unaopaswa kulipiwa kwanza.

Hesabu kidogo itaonyesha sababu. Katika Kongo nzima, watu wazima wenye VVU wanakadiriwa kuwa chini ya mmoja kwa kila mia. Tuseme wanapimwa watu 1,000, saba kati yao wana virusi, na kipimo cha haraka kinachotumika ni kizuri sana: kinamkosea mtu mmoja tu kwa kila watu mia wasio na virusi. Wasio navyo ni 993. Kipimo hicho kizuri kitawapa karibu kumi kati yao mistari miwili. Pamoja na wale saba, wanakuwa kumi na saba waliosimama kwenye foleni ya majibu mabaya, na zaidi ya nusu yao hawana ugonjwa. Kadiri ugonjwa unavyopungua mjini, ndivyo sehemu ya majibu ya uongo inavyokua, hata kama kipimo hakijabadilika wala mpimaji hajazembea.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtu asitangaziwe kuwa na VVU mpaka vipimo vitatu tofauti, kimoja baada ya kingine, vikubaliane. Tena, kabla hajaanzishiwa dawa, achukuliwe damu upya na kupimwa mara nyingine, ikiwezekana na mtu mwingine. Mzigo huo si mdogo kwa kituo chenye mpimaji mmoja na kabati lisilojaa. Lakini anayedhani ni ukaidi wa Geneva asikilize ya Bukavu.

Huko, katikati ya miaka ya 2000, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuyatilia shaka majibu ya mradi wao wenyewe. Walikuwa wakitumia vipimo viwili vya haraka, kama ilivyokubalika wakati ule: vikikubaliana, mtu anahesabiwa kuwa na virusi. Wakaongeza kipimo cha uthibitisho. Kati ya watu 229 ambao vipimo viwili vilikuwa vimekubaliana juu yao, 24 walikutwa hawana virusi. Ni mmoja kwa kila kumi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Tena uzembe haukueleza kila kitu: damu za baadhi ya watu huweza kuvidanganya vipimo viwili kwa pamoja, na hakuna jicho kali la fundi linaloweza kuliona hilo. Shirika lile lilistahili sifa kwa kujikagua na kusema hadharani. Ni vituo vingapi vya Kivu, Ituri au Tshopo ambavyo havikuwahi kutilia shaka, basi havikuwahi kukuta kosa?

Jibu la uongo halikai kwenye karatasi. Linavunja ndoa, linamwachisha mtoto ziwa la mama, linampa mtu mzima vidonge vya maisha. Lina pia kazi nyingine isiyosemwa sana katika mji wenye makanisa ya maombi kila mtaa. Aliyeambiwa kwa makosa kwamba ana Sida anaombewa, anafunga, kisha anapimwa mahali pengine na kukutwa hana. Atawezaje kuamini kitu kingine isipokuwa muujiza? Atasimama kutoa ushuhuda kwa moyo mweupe, na kwenye mabenchi atakuwepo mwenye virusi vya kweli anayeamua siku hiyo kuacha dawa. Mhubiri atalaumiwa na wizara ya afya, na kwa haki. Labo iliyotengeneza ushuhuda huo haitaitwa na mtu.

Upande wa pili wa kosa ni mtoto mchanga. Kingamwili za mama hubaki ndani ya damu ya mtoto hadi miezi kumi na minane, kwa hiyo kipimo cha haraka cha kawaida hakiwezi kusema kama mtoto mwenyewe ameambukizwa. Anahitaji kipimo kinachotafuta chembe za urithi za virusi, na anakihitaji akiwa na wiki nne hadi sita, kwa sababu watoto walioambukizwa wasipotibiwa, karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Njia ya kuchukua damu ni rahisi: matone machache ya kisigino kwenye karatasi maalumu, yakauke, yafungwe pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Karatasi hiyo haihitaji barafu. Inahitaji safari na jibu.

Na safari ndiyo kasheshe. Tshopo ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 200,000, zaidi ya mara saba ya Rwanda, pamoja na maeneo saba ambayo baadhi yake hufikiwa zaidi kwa mto kuliko kwa gari: Isangi, Basoko, Yahuma, Opala, Ubundu, Banalia, Bafwasende. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700. Kwa miaka mingi vipimo vizito vya nchi hii vilielekezwa Kinshasa, kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, INRB, na maabara ya taifa ya Sida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliufuata mwendo wa VVU kutoka Kinshasa ya miaka ya 1920 na kukuta kwamba huku juu vilipanda kwa njia ya mto. Sampuli zimekuwa zikifanya safari hiyo kinyumenyume, na mara nyingi jibu ndilo lililopotea njiani.

Uganda ilikuwa na shida ya namna hii na ikaitatua bila maajabu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilipunguza idadi ya maabara zinazopima watoto wachanga, ikaiweka kazi Kampala, kisha ikaanzisha vituo vya kukusanyia sampuli wilayani, kila kituo kikiwa na mwendesha pikipiki wa kuajiriwa mwenye ratiba ya kuvizunguka vituo vidogo. Gharama za kusafirisha sampuli zilishuka kwa zaidi ya nusu, na muda wa kungoja jibu ukapungua karibu kwa nusu. Mtu wa Kisangani atasema Uganda ina barabara. Ni kweli. Lakini Kisangani ina baiskeli za toleka na pikipiki kila kona, mitumbwi ya injini inayoshuka Isangi na Yangambi na kurudi na mihogo na samaki, na wafanyabiashara ambao mizigo yao haipotei kwa sababu kila mzigo una mwenyewe na namba ya simu. Sampuli za damu kavu zinaweza kupanda mitumbwi hiyohiyo, kwa mkataba, kwa daftari la kutia saini anayepokea na anayekabidhi. Mkataba wa namna hiyo gavana anaweza kuusaini bila kungoja ndege ya mfadhili kutua uwanja wa Bangoka.

Tuje kwenye mashine, maana hazikwepeki. Kinachosemwa zaidi ni GeneXpert, sanduku linalopokea kibweta chenye sampuli na kutoa jibu bila chumba cha kifahari. Wingi wa VVU katika damu hupatikana kwa takriban saa moja na nusu. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama dawa zinafanya kazi: virusi vikizidi 1,000 kwa mililita ya damu, mgonjwa anahitaji kusaidiwa kumeza dawa ipasavyo au kubadilishiwa, visipoonekana kabisa, hawezi kumwambukiza mwenzi wake. Bila jibu hilo daktari anatibu kwa kubahatisha. Ila sanduku limetengenezwa lifanye kazi kati ya nyuzijoto 15 na 30, na vibweta vyake huhifadhiwa chini ya nyuzi 28. Kisangani, mchana wa kawaida hugusa 30. Kwa hiyo mashine inahitaji kiyoyozi, kiyoyozi kinahitaji umeme, na umeme wa mji unategemea bwawa la Tshopo lililojengwa miaka ya 1950, lenye mitambo mitatu ambayo wakazi wamezoea kuiona ikifanya kazi kwa zamu na wakati mwingine kulala kabisa. Atakayetia saini kupokea mashine bila kutia saini sola, betri na fundi wa kuihakiki kila mwaka, amepokea meza ya kuwekea vitambaa.

Mashine hizo pia hazina mwenyewe mmoja. Zinapima kifua kikuu, zinapima VVU, na mwaka 2024, mpox ilipotangazwa dharura ya kimataifa mwezi Agosti na Tshopo ikiwa miongoni mwa majimbo yaliyoguswa, zilitakiwa huko pia. Kila mradi unakuja na vibweta vyake, rejesta yake na posho yake kwa fundi yuleyule mmoja. Mradi wenye posho nono ndio unaopimiwa kwanza. Hilo si kosa la fundi.

Kuhusu fundi mwenyewe, magazeti huandika kidogo mno. Chuo cha Ufundi wa Tiba cha Kisangani, ISTM, hutoa wapimaji kila mwaka, na Chuo Kikuu kina kitivo cha tiba na kliniki zake. Wengi wa wanaohitimu hukaa miaka kwenye vituo bila kuingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wakiishi kwa mgawo wa fedha za wagonjwa. Labo inayoishi kwa ada za vipimo ina kila sababu ya kupima haraka, kupima vingi, na kutotupa kipimo kilichoisha muda mwezi uliopita. Kipimo cha kudhibiti ubora, kile kinachofanywa asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza kwa damu ambayo jibu lake linajulikana, hakilipiwi na mgonjwa yeyote. Ndiyo sababu kinakuwa cha kwanza kuachwa.

Matokeo yake yanafika mpaka kwenye chupa ya damu. Katika wodi za watoto za mji huu, malaria kali na selimundu, ugonjwa ambao watu huuita "SS", hufanya kuongezewa damu kuwe jambo la kila siku. Mchangiaji mara nyingi ni baba au mjomba aliyeitwa kwa simu usiku. Damu yake inapaswa kupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende kabla haijaingia kwa mtoto. Saa nane ya usiku, kwa taa ya simu, mstari hafifu ni rahisi kuukosa.

Ziko njia kubwa za kusahihisha haya, na Afrika imezijadili vya kutosha. Mwaka 2008 nchi zilitoa Azimio la Maputo kuhusu kuimarisha maabara. Mwaka 2009 mafunzo ya kuziandaa maabara kwa ithibati yalizinduliwa Kigali. Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika linazipa maabara nyota kutoka sifuri hadi tano, na nyota ya kwanza hupatikana kwa kufikisha asilimia 55 ya alama. Ngazi hiyo ni nzuri kwa maabara ya jimbo na za hospitali kubwa, na zipande. Kwa chumba cha kupimia cha kituo cha afya Lubunga, chenye meza moja na dirisha moja, nyota ni hadithi ya mbali. Huko kinachohitajika ni mtihani mdogo wa mara kwa mara wenye majibu yanayojulikana.

Mtihani huo upo na ni wa bei ndogo. Wataalamu wa Marekani walibuni njia ya kukausha kiasi kidogo cha majimaji ya damu ndani ya vijichupa, pamoja na rangi ya kijani ili tone lionekane. Yakikauka, hukaa wiki kadhaa bila jokofu. Mpimaji hupokea vijichupa kadhaa bila kuambiwa vipi vina virusi, huongeza maji maalumu, hupima kama anavyompima mgonjwa, hupeleka majibu. Kutengeneza vijichupa hivyo hakuhitaji kiwanda: benki ya damu yenye mabaki yaliyothibitishwa, chumba safi, na watu makini. ISTM na Chuo Kikuu cha Kisangani wanaweza kuifanya kazi hiyo kila baada ya miezi sita kwa kanda zote 23 za afya za Tshopo, INRB ikiwasimamia.

Tena Kongo si mgeni wa mchezo huu. INRB ilishawahi kuwapa mtihani wapimaji malaria nchi nzima: walipewa picha za vipimo vya haraka, wakajibu kwa ujumbe mfupi wa simu. Walioshiriki walikuwa 1,849, na utafiti ukachapishwa mwaka 2013. Nchi inayosemwa kuwa haina barabara iliwafikia karibu wapimaji elfu mbili kwa simu za mkononi. Kwa nini mbinu hiyo isiwe kawaida ya VVU katika Tshopo?

Hapa pana pingamizi moja la maana. Wako waganga wakuu watakaosema kwamba kutangaza makosa ya labo kutawatisha wagonjwa, na walio kwenye dawa wataziacha wakidhani walipimwa vibaya. Hofu hiyo ina msingi, hasa kwa kuwa mtu aliyekunywa dawa muda mrefu anaweza kupimwa na kipimo kikasita kuonyesha virusi, naye akadhani amepona. Tiba ya hofu hiyo ni kuwapima upya watu kabla ya kuanza dawa, na kutowapima wakishaanza isipokuwa kwa wingi wa virusi. Kuficha kumeshajaribiwa. Majina ya wapimaji waliokosea hayana haja ya kutangazwa. Matokeo ya kila ukanda wa afya yana haja hiyo, na anayekosea arudishwe mafunzoni bila kukatwa posho, la sivyo duru ya pili kila mtu atapiga simu kwa jirani kuuliza majibu.

Fedha? Msaada mkubwa wa Marekani dhidi ya Sida, PEPFAR, kwa miaka mingi umejielekeza Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Tshopo imeishi zaidi kwa Mfuko wa Dunia, ambao nao unategemea Marekani kama mchangiaji wake mkubwa kuliko wote. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada ya nje kwa sahihi moja, ilionekana dhahiri jinsi kamba ilivyo nyembamba. Dawa na vibweta vitaendelea kuhitaji wageni kwa muda. Vijichupa vya mtihani, daftari, mkataba wa mitumbwi, sola mbili tatu na mishahara ya wapimaji wachache wa kusimamia ni mambo ambayo Bunge la Jimbo linaweza kuyaandikia mstari wake kwenye bajeti ijayo, tena mstari mdogo ukilinganishwa na safari za kikazi za viongozi.

Duru ya kwanza ianze na jumuiya sita za mji, Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, pamoja na vituo binafsi, kwa kuwa huko ndiko wengi hukimbilia wasionekane na majirani. Isangi na Yangambi zifuate kwa mto. Opala na Bafwasende zikilazimika kungojea barabara kavu, zingojee duru ya pili, si ya tano.